Núñez, Nuñez, Nunez: mtu mmoja au watatu?

Kazi yangu ni kusafisha kanzidata za majina. Wakongo waliohamia Marekani huniuliza sana swali hili: kwa nini Désiré wa kwenye cheti cha Bukavu amegeuka Desire kwenye leseni ya udereva?

Wengi hudhani ni dharau. Dharau ipo, sikatai, lakini chanzo kikubwa ni mashine. Msimbo wa ASCII, yaani orodha ya namba ambazo kompyuta huzitumia kuwakilisha herufi, uliotolewa Marekani mwaka 1963, una nafasi 128 tu. Ukitoa amri za mashine, tarakimu na vituo, kinachobaki ni A hadi Z. É haimo. Mifumo mingi ya serikali ilijengwa kwa fikra hiyohiyo.

California iliongeza lake. Mwaka 1986 wapigakura waliifanya Kiingereza lugha rasmi ya jimbo, na ofisi ya vizazi ikaielewa sheria hiyo kwamba vyeti viandikwe kwa herufi 26 tu. Basi jiji la San José likawa linajiandika kwa alama yake, huku mtoto José aliyezaliwa humohumo akinyimwa yake. Bunge la jimbo lilipitisha mswada wa kurekebisha hilo mwaka 2017; Gavana Jerry Brown akaukataa kwa hoja ya gharama za kubadili mifumo. Hoja ya gharama ni ya kweli, ila hainishawishi sana. Ayalandi, kwa sheria yake ya lugha ya mwaka 2021, imeyataka mashirika ya umma yaandike majina ya Kiayalandi na alama zake.

Kwangu mimi, tatizo si alama kupotea. Tatizo ni kwamba kila mfumo huipoteza kivyake. Tazama mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, kila mmoja nafasi 44. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, haziruhusu alama pale, na Ü inaweza kuwa UE, UXX au U. Kwa hiyo Müller wa juu anakuwa MUELLER chini, kisha wakala wa tiketi anaandika Muller. Hata kompyuta za leo, zenye nafasi ya kila herufi, zinaweza kuhifadhi é kwa namna mbili: herufi moja kamili, au e na alama yake kando. Jicho halioni tofauti, mashine inaiona. Na ukikutana na “José”, ujue mfumo mmoja umesoma vibaya maandishi ya mwenzake.

Sasa majina ya kwetu. Mũthoni hanisumbui: kwenye vitambulisho vya Kenya kwa kawaida huwa Muthoni tangu mwanzo, na hubaki hivyo kila aendako. Anayeninyima usingizi ni Ng'ang'a. Huyu anaweka ritifaa iliyonyooka, yule iliyopinda, wa tatu nafasi tupu, na tayari tuna bwana mmoja anayeitwa “Ng Ang A”. Kwenye mistari ya pasipoti ritifaa hufutwa na jina hushikana: NGANGA.

Nunua tiketi na ujaze fomu za visa kwa tahajia ya mistari hiyo miwili. Fomu ikiwa na sehemu ya majina mengine unayotumia, jaza humo tahajia zako zote, hata ile uliyoandikiwa kimakosa, kwa sababu hapo ndipo sisi hutafuta kwanza rekodi mbili zinapogongana.