Polisingi ya trafiki: yanayoaminiwa na yanayotokea kwenye kifaa

Lalamiko ni lilelile kila mahali: laini imewekewa kwa polisingi (ukaguzi wa kasi unaofanywa na rauta) kikomo cha megabiti 10 kwa sekunde, mtumiaji anapata nusu yake, na grafu ya matumizi haijawahi kugusa 10. Fundi anaapa kwamba rauta ni mbovu. Mara nyingi rauta inafanya hasa ilichoagizwa, ila aliyeiagiza alikuwa na dhana nyingine kichwani.

Dhana: Polisingi hupunguza mwendo wa pakiti.

Hakuna pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, inayopunguzwa mwendo. Pakiti ikifika, kifaa hutazama ndoo ya tokeni, yaani hesabu ya baiti zinazoruhusiwa kupita, inayojazwa kwa kasi ya kikomo hadi ukubwa wa ndoo. Tokeni zikitosha ukubwa wake, inapita papo hapo kwa kasi kamili ya poti. Zisipotosha, inatupwa au inabadilishwa alama ya daraja lake. Anayeweka pakiti kwenye foleni zisubiri zamu ni sheipingi. Ndiyo maana sheipingi huongeza ucheleweshaji, na polisingi huongeza upotevu.

Dhana: Ndoo ndogo ni salama zaidi, kwa kuwa inambana mtumiaji vizuri.

Hii ndiyo inayoleta balaa zaidi, na inafaa kuipigia hesabu. Chukua poti ya gigabiti 1, kikomo cha megabiti 10 na ndoo ya baiti 15,000. Tokeni zinaingia kwa kasi ya baiti 1,250,000 kwa sekunde. Kompyuta iliyo nyuma ya poti haina habari ya megabiti 10. Ikiwa na pakiti 20 za baiti 1,500, inazimwaga mfululizo kwa kasi ya gigabiti, kila moja ikichukua takriban mikrosekunde 12. Pakiti 10 za mwanzo zinakausha ndoo ndani ya mikrosekunde 120. Katika muda huo zimeingia tokeni za baiti 150 tu, ilhali pakiti moja inahitaji 1,500, ambazo huchukua milisekunde 1.2 kupatikana. Pakiti 10 zilizobaki zinatupwa zote.

Sasa laini ikae kimya hadi sekunde iishe. Kompyuta imetuma kilobiti 240 katika sekunde hiyo, haijafika hata robo ya megabiti, na nusu ya pakiti zake zimepotea! Grafu ya wastani wa dakika 5 haiwezi kukuonyesha jambo hili hata ukiikodolea macho siku nzima. Kinachosema kweli ni vihesabio vya polisingi yenyewe, vya pakiti zilizopita na zilizozidi.

TCP, itifaki inayotuma upya data iliyopotea, nayo ikiona upotevu inarudi nyuma. Aina ya Reno hukata nusu dirisha lake (kiasi cha data inachotuma kabla ya kusubiri jibu), kisha hulikuza polepole hadi igonge kikomo tena. Ndiyo sababu kasi halisi hubaki chini ya ile uliyoiandika. Kwa miaka mingi mwongozo wa Cisco, watengenezaji wa rauta, umekuwa kuanza na ndoo inayobeba trafiki ya sekunde 1.5, yaani baiti 1,875,000 kwa megabiti 10. Kwa laini za ucheleweshaji mdogo naiona kubwa mno, lakini afadhali ukosee upande huo. Ndoo ikiwa ndogo kuliko pakiti, pakiti hiyo haitapita kamwe. Angalia na vipimo: katika Cisco IOS, mfumo endeshi wa rauta zao, amri ya `police` hupokea kasi kwa biti lakini ndoo kwa baiti, ilhali `shape` hupokea vyote kwa biti.

Dhana: Polisingi ya trafiki inayoingia huokoa laini iliyojaa.

Pakiti inapokaguliwa kwenye rauta yako imeshavuka laini. Maji yakimwagika hayazoleki. Watumaji wa TCP watapunguza baada ya kuona upotevu, lakini mafuriko ya UDP, itifaki isiyosubiri jibu, hayajali. Kikomo cha kuilinda laini huwekwa upande wa pili, kabla pakiti hazijaingia.

Dhana: Iliyozidi lazima itupwe.

Si lazima. RFC 2697 na 2698, hati za kiufundi za intaneti, zote za mwaka 1999, zinapanga pakiti kwa rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Ya njano unaweza kuishusha kutoka alama ya AF31 hadi ya AF32, ikapita sasa na kuwa ya kwanza kutupwa kukiwa na msongamano mbele. Vifaa vya mbele visiposoma alama hizo, umejisumbua bure.

Dhana: Simu 10 za kilobiti 64 zinatosha kwenye kilobiti 640.

Sauti ya G.711 (njia ya kusimba sauti ya simu) ni kilobiti 64 kabla ya vichwa vya pakiti. Kwa kawaida hutumwa pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Ongeza baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP (itifaki ya kusafirisha sauti), unafika kilobiti 80. Ongeza 18 za Etheneti, unafika 87.2. Kwa simu 10 hizo ni kilobiti 872 kila upande. Baadhi ya vifaa huhesabu baiti za Etheneti na vingine havizihesabu, kwa hiyo soma maelezo ya kifaa chako kabla ya kuandika namba.

Na simu ya ziada ikiingia, polisingi haiikatai. Haijui ipi ilikuja mwisho, hivyo inaangusha pakiti za yeyote atakayekuta ndoo tupu, na mazungumzo yote yanaanza kukatikakatika. Kuhesabu simu na kuikataa iliyozidi ni kazi ya seva ya simu.