Nyasi kuvumilia ukame si mbegu yake kuvumilia ukame

Nimeulizwa tena wiki hii, safari hii na mtu ambaye tayari ameshamwaga mbegu zake zote: "Si hizi ni nyasi za prairi, zimezoea ukame, maji ya nini?" (Prairi ni zile mbuga za nyasi za Amerika Kaskazini.) Jamani, hapana.

Anayevumilia ukame ni nyasi iliyokomaa. Andropogon gerardii, nyasi ndefu ya prairi, mizizi yake inapita mita 2 kwenda chini, mtaalamu wa mimea John Weaver alichimba mitaro kule Nebraska, Marekani, kuanzia miaka ya 1910 akaichora mizizi ya namna hiyo, kwahiyo juu kukikauka yenyewe inakunywa huko chini. Mbegu iko sentimita moja tu ardhini, mzizi haina, na hiyo tabaka ya juu ndo ya kwanza kukauka. Uvumilivu itautoa wapi?

Alafu swali la "nimwagie lita ngapi". Jambo la kwanza ni udongo umeyashika maji kwa nguvu gani. Mchanga wenye asilimia 10 ya maji mbegu inakunywa vizuri tu, mfinyanzi wenye asilimia hiyohiyo maji yapo ila hayaachiwi. Ndo maana tunapima kwa megapaskali, yaani kipimo cha nguvu ambayo udongo unayashikia maji, sifuri ni udongo uliolowa chepechepe, na ukifika hasi 1.5 mazao mengi yananyauka moja kwa moja.

Na tafadhali, kuvimba sio kuota. Hata mbegu iliyokufa inafyonza maji na kuvimba! Imeota pale mzizi wa kwanza unapotoboa ganda, na hapo ndo kesi yote ilipo, maana kabla ya kutoboa mbegu ikikauka tena mara nyingi haidhuriki, kuna wanaoilowesha na kuikausha makusudi ili ikipata maji tena iwahi kuota. Ikishatoboa, uwezo wa kukauka na kuamka unaisha haraka sana. Sasa wewe unanyunyiza leo, kesho, keshokutwa, mizizi inachungulia, alafu unaondoka wiki nzima. Umeziita nje ukazifungia mlango.

Hazitoki zote pamoja pia. Ndani ya gunia moja kila mbegu ina kizingiti chake cha unyevu, moja inaanza udongo ukiwa mkavu kiasi, jirani yake inasubiri mvua ya maana, na hiyo ndo salama ya nyasi, mvua moja ya uongo haimalizi ukoo. (Panicum virgatum, nyasi nyingine ya prairi, ni kesi nyingine, mbegu mbichi nyingi zimelala, zinataka baridi na unyevu wiki kadhaa kwanza, maji peke yake hayaziamshi.)

Vizingiti hivyo mimi navipima kwenye sahani za maabara, maji yamechanganywa na polietilini glaikoli, kemikali inayoyashika maji kama udongo mkavu, na kusema kweli nikitoka nje namba zangu siziamini sana. Kwenye sahani unyevu uko sawa kila upande. Shambani mbegu imegusa udongo upande mmoja, upande wa pili hewa inaikausha. Kushindilia udongo baada ya kupanda nimeona kunasaidia kuliko maji ya ziada.

Na hata ikiota bado. Mche wa Bouteloua gracilis, nyasi fupi ya prairi, unaanza na mzizi mmoja mwembamba wa mbegu, mizizi ya kudumu inatokea karibu kabisa na uso wa ardhi, na haishiki bila siku chache nyingine za unyevu wiki kadhaa baadaye. Kwahiyo ukiona kijani baada ya mvua ya kwanza usinitumie picha, chimba miche mitano kwanza uhesabu mizizi.