Je, wajua kwa nini namba ya ufito wa kuvulia kwa nzi haihusu ufito wenyewe?

Juu kidogo ya mpini wa ufito wa kuvulia kwa nzi bandia mara nyingi utakuta maandishi madogo kama haya: 763-4. Tarakimu mbili za kwanza ni urefu, futi 7 na inchi 6. Ile ya mwisho, 4, ni idadi ya vipande vinavyoungwa. Inabaki 3, na hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. Wanadhani inataja uzito wa ufito, au ukubwa wa samaki unayeweza kumvuta. Sivyo. Inataja mshipi.

Anayevua kwa chambo cha kawaida hutupa chubwi, na chubwi huuvuta mshipi kwenda mbali. Nzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo. Hana uzito wa maana, ukimtupa kwa mkono atadondokea miguuni pako. Kwa hiyo uzito huwekwa kwenye mshipi wenyewe, mnene na wenye ngozi ya plastiki, na mshipi ndio unaombeba nzi. Ukiwa hewani unaupinda ufito. Ufito unaponyooka, unaurusha mbele. Mshipi mwepesi mno hauupindi ufito, na mzito mno unaulegeza hadi unakosa nguvu ya kunyooka upesi.

Ili ufito na mshipi vilingane, hupimwa uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani kama mita 9.1. Mshipi namba 2 una gramu 5.2 hivi, namba 3 una 6.5, namba 4 una 7.8 na namba 5 una 9.1. Kwa trauti wadogo, perege na samaki wengine wa kiasi cha kiganja, uchaguzi wako uko kati ya 2 na 4.

Sasa angalia hizo futi 30 vizuri, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kwenye kijito chembamba hutupi mita 9. Unatupa 5, pengine 4. Mshipi namba 3 uliotoka mita 5 una gramu 3.5 tu, tena pungufu, kwa sababu ncha yake ni nyembamba kuliko kiwiliwili. Ufito mkakamavu, ule unaopinda nchani tu, hautausikia uzito huo kabisa. Utautikisa kama fimbo ya kuchungia, na mshipi utaanguka umejikunja. Watu hulaumu mkono wao, kumbe kosa ni la ufito. Dawa ni mbili: chagua ufito laini unaopinda hadi karibu na mpini (wa nyuzi za kioo ni mzuri sana kwa hili, na wa kaboni laini pia hufaa), au funga mshipi ulioongezwa namba moja, yaani 4 kwenye ufito wa 3.

Kuutikisa ufito mtupu dukani hakukuambii kitu. Pitisha mshipi kwenye pete zake, mwenzako aishike ncha, kisha inua ufito polepole. Tazama mkunjo unaanzia wapi na unashuka hadi wapi. Mkunjo uwe mmoja, bila kona kwenye maungio.

Urefu hutegemea miti kuliko samaki. Palipofunikwa na matawi, futi 6 na nusu hadi 7 na nusu zinatosha. Ukingo ukiwa wazi, chukua futi 8 au 8 na nusu, kwani ufito mrefu huunyanyua mshipi juu ya mkondo usimburute nzi.

Namba 1 na 2 zinavutia, lakini upepo kidogo tu huzishinda, na nzi mwenye shanga ya chuma kichwani huning'inia nyuma hadi akupige kisogoni. Kama unanunua ufito mmoja tu, chukua namba 3. Panapovuma kila siku, chukua 4. Kuna jambo jingine: ufito dhaifu humchosha samaki kwa kurefusha mapambano, na maji yakiwa ya joto, yenye oksijeni kidogo, aliyechoka sana huenda asipone ukimwachia.

Faida halisi ya ulaini wa ufito iko mwisho wa mshipi. Hapo hufungwa uzi wa nailoni wa futi 7 na nusu hivi, unaopungua unene hadi milimita 0.15 au 0.13, na ndoana namba 12 hadi 18 (namba ikikua, ndoana inapungua). Uzi huo hukatika kwa mshtuko mdogo. Ufito laini humeza mshtuko samaki anapochomoka. Rili (gurudumu la kukunjia mshipi) haina kazi kubwa hapa zaidi ya kutunza mshipi, ila isiwe nzito kiasi cha kuufanya ufito uinamie nyuma.

Unapounga vipande, viingize pete zikiwa zimepishana kidogo, kisha zungusha huku ukisukuma mpaka zikae mstari mmoja. Kutupa mara nyingi hulegeza maungio, kwa hiyo yaguse kila baada ya nusu saa. Ungio lililotoka hata kidogo huubana mdomo wa kipande cha juu, nao hupasuka hapo hapo mshipi ukiwa hewani, bila samaki yeyote kuuvuta.