Je, wajua kwa nini kikundi kidogo cha wananchi kinaweza kumng'oa seneta mkongwe New York?

Tarehe 13 Septemba 2018, wanachama wa Democratic katika jimbo la New York walipiga kura za mchujo, na ilipofika usiku maseneta sita kati ya wanane wa kundi moja lenye nguvu walikuwa wamebwagwa. Aliyeanguka kwa kishindo zaidi ni kiongozi wao, Jeff Klein wa Bronx, aliyekaa kwenye Seneti ya jimbo tangu 2005 na aliyemwaga zaidi ya dola milioni mbili kutetea kiti chake. Aliyembwaga ni Alessandra Biaggi, mwanasheria wa miaka 32 ambaye hakuwahi kuwa mbunge hata siku moja.

Klein alikuwa na fedha na jina, na wakubwa wengi wa chama walikuwa upande wake. Biaggi alikuwa na vikundi vya wananchi vilivyomwidhinisha, na vingi kati yake havikuwepo hata miaka miwili kabla ya siku ile. Sasa tujiulize: kikundi cha watu wanaokutana jioni baada ya kazi kikitangaza kwamba kinamuunga mkono fulani, tangazo hilo linawezaje kumshinda mtu wa aina ya Klein?

Tuanze na jambo linalowachanganya wasomaji wengi wa kwetu. Kenya, chama kinaweza kumpa mtu tiketi ya moja kwa moja bila mchujo wowote. Tanzania, mtu anaweza kuongoza kura za maoni za CCM kisha vikao vya juu vikalikata jina lake. Marekani haiko hivyo. Mgombea wa chama kwa kawaida hupatikana kwa kura za mchujo zinazosimamiwa na serikali, na atakayeshinda ndiye mgombea, viongozi wa chama wapende wasipende. Chama hakina tiketi ya kumnyima. Kwa hiyo idhini ya kikundi, ya chama cha wafanyakazi, ya gazeti au hata ya viongozi wa chama chenyewe haina nguvu ya kisheria juu ya matokeo ya mchujo. Nguvu yake inatoka kwingine, na kwa maoni yangu inatoka kwenye miguu ya watu: ni wangapi watakaotoka kwenda kubisha hodi baada ya idhini kutangazwa.

Hesabu zenyewe zinasaidia kuelewa. Seneti ya New York ina viti 63 kwa jimbo lenye watu zaidi ya milioni 19, yaani seneta mmoja huwakilisha takriban watu laki tatu. Ondoa watoto, ondoa wasiojiandikisha, ondoa wa vyama vingine, kwa sababu mchujo wa New York ni wa wanachama waliosajiliwa peke yao. Wanaobaki, wengi hawajitokezi. Karibu miezi mitatu kabla ya Klein kuanguka, katika mchujo wa kiti cha Bunge la taifa kinachogusa Queens na Bronx, Alexandria Ocasio-Cortez alimshinda Joe Crowley, mmoja wa vigogo wa chama huko Washington, kwa kura zisizofika 17,000, katika eneo lenye wakazi takriban laki saba. Mahali ambapo kura elfu chache zinaamua, watu mia mbili wanaotoka kila Jumamosi ni jeshi.

Na jeshi hilo linajua pa kwenda. New York, orodha ya wapiga kura haina siri. Inaonyesha jina, anwani, chama ulichojisajili, na chaguzi ulizowahi kupiga kura. Uliyempigia ndiyo siri yako. Kwa hiyo kijana wa kujitolea anaposimama kwenye ngazi za jengo la ghorofa sita, simu yake inamwambia milango saba tu ya kugonga kati ya hamsini: mama wa chumba 2B hakosi mchujo, jirani yake hajawahi kupiga. Anagonga, anajitambulisha kuwa anaishi mtaa wa nyuma, anasema mambo mawili matatu na kuacha kadi yenye picha ya mgombea. Upande wa pili wa kadi kuna orodha ya waliomwidhinisha. Mama wa 2B hamjui mgombea, ila ana imani na chama cha walimu, au na kikundi cha wapangaji kilichomtetea mwaka ule mwenye nyumba alipotaka kumfukuza. Jina hilo kwenye kadi linamwondolea kazi ya kuchunguza mwenyewe.

Lakini kabla ya milango kuna karatasi. Jina lako haliingii kwenye mchujo mpaka ukusanye saini: 1,000 kwa Seneti ya jimbo, 500 kwa Baraza la Wawakilishi la jimbo, zote za wanachama wa chama chako wanaoishi kwenye eneo hilo, ndani ya wiki chache. Kila karatasi inasainiwa chini na shahidi aliyeikusanya. Mwanachama akisaini kwa wagombea wawili wa kiti kimoja, ile ya mwanzo ndiyo inayohesabiwa. Kisha mawakili wa mpinzani hupitia saini moja baada ya nyingine: huyu amehama, huyu si mwanachama, anwani hii haiko kwenye eneo. Wagombea wengi wachanga wamefia hapo, kabla hata wapiga kura hawajasikia majina yao. Ndiyo maana wenye uzoefu hukusanya mara mbili au tatu ya idadi inayotakiwa. Kikundi kinachoidhinisha mapema hukuletea watu wa kukusanya saini, na pengine wakili wa kuzitetea. Kikichelewa, kinakuta jina lako limeshaondolewa.

Turudi kwa Klein. Kundi lake liliitwa Independent Democratic Conference. Lilianza Januari 2011 likiwa na maseneta wanne waliochaguliwa kama Democratic lakini wakajitenga na wenzao. Baada ya uchaguzi wa 2012, Democratic walikuwa na viti vya kutosha kuongoza Seneti, lakini kundi hili likaingia kwenye ubia na Republican wakagawana uongozi. Miaka ikapita. Miswada ya kuwalinda wapangaji, ya haki za uzazi, ya kurahisisha upigaji kura, ilipita kwenye Baraza la Wawakilishi na kukwama kwenye Seneti. Mpiga kura wa Bronx au Queens alikuwa akimchagua mtu aliyejiita Democratic bila kujua kwamba anawabakisha Republican kwenye uongozi.

Kazi ya kwanza ya wanaharakati, basi, ilikuwa kuwaeleza watu, maana huwezi kumwidhinisha mpinzani wa mtu ambaye majirani hawajui kosa lake. Baada ya Donald Trump kushinda Novemba 2016, vikundi kama No IDC NY na muungano wa True Blue NY vilianza kupita mitaani kueleza mpango huo wa Albany, makao makuu ya jimbo. Mapema 2017 seneta José Peralta wa Queens, aliyekuwa ametoka tu kujiunga na kundi la Klein, aliitisha mkutano na wananchi wake akakutana na ukumbi uliojaa watu wenye hasira. Hilo nalihesabu kuwa tukio kubwa kuliko tangazo lolote la idhini lililofuata, kwa sababu siku hiyo ndipo ilipoonekana kwamba jambo la vyumba vya ndani vya Albany limefika kwenye mazungumzo ya mtaani. Aprili 2018 kundi lilivunjwa na maseneta wale wakarudi kwa wenzao. Walikuwa wamechelewa. Wapinzani wao walikuwa tayari uwanjani, na Peralta mwenyewe aliangushwa na Jessica Ramos. Zellnor Myrie alimshinda Jesse Hamilton huko Brooklyn, na mbali kabisa na jiji, Syracuse, Rachel May akamwondoa David Valesky, mmoja wa wale wanne wa mwanzo.

Si kila idhini ina uzito sawa, na hapa ndipo wagombea wengi hudanganyika. Chama kikubwa cha wafanyakazi mara nyingi humwidhinisha aliye madarakani, kwa sababu kesho mswada wake utahitaji kura ya mtu huyo. Mwanasiasa mashuhuri hutoa jina na picha, kisha anaendelea na shughuli zake. Idhini ninayoiamini zaidi ni ile inayopigiwa kura na wanachama wenyewe. Tawi la New York la Democratic Socialists of America, shirika la wasoshalisti, linafanya hivyo: mgombea anajaza dodoso refu, anasimama mbele ya wanachama kuulizwa maswali, kisha wanapiga kura. Aliyenyoosha mkono wake kumkubali mgombea anaona haya kukaa nyumbani Jumamosi. Tawi hilo halisambazi idhini ovyo, kwa kuwa kila jina linalokubaliwa linahitaji watu wa kulifanyia kazi.

Mwaka 2020 tawi hilo lilimwidhinisha kijana mzaliwa wa Kampala aliyegombea Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa eneo la Astoria, Queens. Zohran Mamdani alimshinda mbunge aliyekuwepo, Aravella Simotas, kwa tofauti isiyofika kura 500. Chukua tofauti hiyo uigawe kwa idadi ya milango ambayo mtu mmoja anaweza kugonga kwa wiki, utaona thamani ya wale waliojitolea. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Novemba 2025, Mamdani alichaguliwa kuwa meya wa Jiji la New York kwa kura zaidi ya milioni moja.

Siku hiyo ya umeya, jina la Mamdani lilikuwa mara mbili kwenye karatasi ya kura. New York ni kati ya majimbo machache yanayoruhusu vyama zaidi ya kimoja kumsimamisha mgombea mmoja na kura zake zote zikajumlishwa. Hapo ndipo kinapoishi Working Families Party, chama kilichoanzishwa 1998 na vyama vya wafanyakazi na vikundi vya jamii. Kwa kawaida humwidhinisha mgombea wa Democratic anayekubaliana nacho na kumpa mstari wake kwenye karatasi. Anayemtaka mgombea huyo lakini akataka pia ajue amechaguliwa kwa ajili ya nini, anaweka alama kwenye mstari wa pili. Akipata kura elfu tano kwenye mstari huo, seneta hawezi kusema hajui zimetoka kwa nani.

Chama hicho nacho kimewahi kulipia maamuzi yake. 2018 kilimwidhinisha mwigizaji Cynthia Nixon dhidi ya Gavana Andrew Cuomo, na vyama vikubwa vya wafanyakazi vilivyokuwa karibu na Cuomo vikajitoa, vikaondoka na fedha zao. Nixon alishindwa kwenye mchujo, na Oktoba chama kikampa Cuomo mstari wake. Mwaka huo huo kilikuwa kimemwidhinisha Crowley dhidi ya Ocasio-Cortez, na baada ya Crowley kushindwa jina lake likabaki kwenye mstari wa chama mpaka Novemba. Kiliegemea kwa aliyedhaniwa hawezi kuanguka, wakati watu waliokuwa wakibisha hodi walikuwa upande wa pili. 2020 sheria ilibadilishwa: chama kinachotaka kubaki kwenye karatasi sasa lazima kipate angalau kura 130,000 au asilimia mbili, kutegemea ipi ni kubwa, kila miaka miwili badala ya 50,000 za zamani kila miaka minne. Mwaka huo huo mstari wa Working Families ulimpa Joe Biden kura zaidi ya 380,000.

Majimbo mengine yana taratibu zao. Minnesota, chama chenyewe huidhinisha: wanachama hukutana mtaani, huchagua wajumbe, na mgombea anahitaji asilimia 60 ya kura za wajumbe kwenye mkutano mkuu wa eneo. 2016 Ilhan Omar, aliyeishi utotoni kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa, aliongoza kwenye mkutano wa eneo lake la Minneapolis lakini hakufikia asilimia hiyo, na mkutano ukaisha bila kumwidhinisha mtu. Agosti akaenda kwenye mchujo akamshinda Phyllis Kahn, aliyekuwa mbunge tangu miaka ya 1970. Miaka miwili baadaye wajumbe wa jimbo zima walimwidhinisha Erin Murphy kugombea ugavana, na kwenye mchujo wapiga kura wakamchagua Tim Walz. Wajumbe wakisema moja na mitaa ikasema lingine, mitaa ndiyo inayotawala.

New York mitaa ilisema, na matunda hayakuchukua muda. Januari 2019 Andrea Stewart-Cousins aliongoza Seneti, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika historia ya jimbo. Mwezi huo huo ilipita sheria ya kupiga kura mapema na sheria ya kulinda haki za uzazi. Juni ikaja sheria ya wapangaji: mwenye nyumba haruhusiwi tena kudai amana inayozidi kodi ya mwezi mmoja, na nyumba zenye kodi inayodhibitiwa haziondolewi tena kwenye udhibiti kwa sababu tu mpangaji amehama. Juni hiyo hiyo jimbo liliruhusu wahamiaji wasio na karatasi za ukaazi kupata leseni ya udereva, jambo lililokuwa limezungushwa Albany kwa miaka mingi, na Desemba watu wakaanza kupanga foleni kwenye ofisi za leseni.