Mkaa Uliokolea Hauna Moshi, Lakini Sumu Bado Imo

"Mkaa ulikuwa umeshakolea, daktari. Haukuwa na moshi hata chembe."

Maneno haya nayasikia kila kipupwe hapa Mufindi, na nimechoka kuyajibu mgonjwa mmoja mmoja. Siku hizi wanaoniambia hivyo zaidi ni wavuvi wa mwisho wa juma. Wanapanda Ijumaa jioni kutoka Iringa mjini, Makambako, hata Mbeya, wakiwa na ndoano, hema na kiroba cha mkaa, kuja kutafuta perege na kambale kwenye mabwawa ya huku juu. Kati ya Juni na Agosti ukungu hushuka mapema, manyunyu hayakatiki na upepo unapenya koti. Usiku ukiwa mzito wanaingiza jiko ndani ya hema, wanafunga zipu na kulala. Asubuhi wenzao wanawaleta kituoni wakitapika, vichwa vinawapasuka. Mmoja anasema ni baridi, mwingine ni pombe ya jana, wa tatu ameshameza dawa ya mseto ya malaria.

Tuanze na huo moshi. Unaouona jiko linapowashwa ni masizi na mvuke wa mkaa ambao haujashika vizuri. Unawasha macho na kukohoza, ndiyo maana kila mtu anaukimbia. Inayoua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, isiyowasha jicho wala koo. Mkaa ukikolea hauachi kuitoa. Kaboni dayoksaidi inayotoka chini ya jiko hupita kwenye makaa mekundu ya juu, na makaa hayo huigeuza kuwa kaboni monoksaidi. Hema likifungwa, oksijeni ya ndani inapungua, mkaa unaungua kwa shida, na sumu inazidi. Ule wekundu mnaousubiri ndipo mliingize ndani hauna maana yoyote kuhusu usalama.

Ikishavutwa, gesi hii hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Kwa hiyo hata kiasi kidogo hewani hujilimbikiza kwenye damu saa hadi saa. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu kinaanza, miguu inalegea. Kisha akili ya kuamua inaondoka, na mtu anaweza kuiona zipu mbele yake asiweze kuifungua. Aliyekwisha kulala hapiti hata hatua hizo, kwa sababu hakuna kikohozi wala harufu ya kumwamsha.

Nikieleza hivyo, majibu huwa tayari. "Tuliacha upenyo." Usiku wa mvua kitambaa cha hema kilicholowa hakipitishi hewa kama kikavu, na turubai la juu mmelibana hadi chini ili upepo usiingie. Hakuna upenyo unaolifanya jiko la mkaa liwe salama ndani ya hema. "Tuliweka sufuria ya maji pembeni yavute gesi." Kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu, hayo maji pikieni chai. "Tulilala chini, gesi inapanda juu." Mwenzake aliyelala kitanda cha kambi ananiambia inashuka chini! Uzito wake unakaribia sana ule wa hewa, kwa hiyo inaenea kote, kwa aliye juu na aliye chini. "Tulilitoa kabla ya kulala." Kama hamkufungua hema lote hewa ikabadilika, mlitoa jiko mkabaki na gesi. Na jiko lililoachwa mlangoni chini ya turubai bado liko ndani.

Wanaojifungia kwenye gari lililosimama huku injini inaunguruma ili wapate joto, nao wanacheza na gesi hii hii.

Linaloniudhi kuliko yote ni maziwa. Mtu amelegea, macho hayatulii, na wenzake wanamnywesha maziwa "yaondoe sumu". Ndugu zangu, sumu iliingia kwa pua ikapita mapafuni na sasa iko kwenye damu. Maziwa yanakwenda tumboni, hayakutani nayo popote. Ila mtu aliyepoteza nusu ya fahamu hamezi vizuri, na hayo maziwa yanaweza kuingia mapafuni yakamuua yeye aliyekuwa na nafasi ya kupona. Mtoeni nje mara moja. Anayepumua lakini hana fahamu alazwe ubavu. Asiyepumua akandamizwe kifua na kupuliziwa hewa, huku wengine wakitafuta usafiri kwenda kwenye kituo chenye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, damu huchukua kama saa 4 hadi 5 kupunguza nusu ya gesi hiyo. Kwa oksijeni safi ya barakoa, huchukua kama saa moja hadi moja na nusu.

Mkifika, tamkeni neno jiko kabla ya salamu. Kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekufa, na mhudumu asiyejua mlilala wapi akamrudisha nyumbani na panado. Kama watu wanne wa hema moja wameumwa kichwa usiku mmoja na wanapata nafuu wakitoka nje, msihangaike na malaria. Mjamzito aliyekuwemo aletwe hata kama anajisikia mzima, maana mtoto tumboni huumia zaidi. Na aliyezimia akazinduka arudi tumwone tena, kwani kusahau na kuchanganyikiwa kunaweza kujitokeza siku kadhaa hata wiki kadhaa baadaye.

Yanayobaki nayapitia haraka. Komoni na pombe kali havileti joto. Vinapanua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unajisikia vizuri huku joto la ndani likipotea.

Eti huku hakuna theluji, kwa hiyo baridi haiui. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni hatari, na mvuvi aliyelowa akiwa kwenye upepo anafika huko bila barafu yoyote. Maji hunyonya joto la mwili takribani mara 25 kuliko hewa. Jinzi iliyolowa ivuliwe, hata kama ya kubadilisha ni kitenge cha kuazima.

Eti akiacha kutetemeka amepata nafuu. Kama bado amelowa na maneno yanamtoka kwa kuvuta, hali imezidi kuwa mbaya. Mkausheni, mfunikeni mpaka kichwani, uso ukiwa wazi, mumlete bila kumsugua mikono na miguu.

Na hili la kusema lazima mlale bwawani kwa sababu samaki wanakula usiku. Kambale sawa, ni wa usiku. Lakini perege ni samaki wa maji ya vuguvugu. Maji yakishuka karibu nyuzi 16 hamu yake ya kula inakaribia kwisha, na usiku wa Julai ndio maji ya pembeni yanapozidi kupoa. Mimi mwenyewe huvua kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa limepasha kina kifupi, na giza linanikuta nyumbani. Mkitaka kulala huko, jiko likae nje kabisa, mbali na hema, lichemshe maji. Yajazeni kwenye chupa inayohimili maji ya moto, mfunge kifuniko sawasawa, muizungushie kitambaa na kuiingiza ndani ya blanketi.