Juri ya wanawake na dharau kwa wahamiaji

Mwanzoni mwa 1869, jijini Washington, Elizabeth Cady Stanton, mpigania haki za wanawake wa Marekani, aliwaambia wasikilizaji wake wawafikirie "Patrick na Sambo na Hans na Yung Tung", watu wasiojua tofauti ya ufalme na jamhuri, wakiwatungia sheria wanaharakati wenzake, akina Lucretia Mott na Ernestine Rose. Akazidi: fikirini wanajuri (raia wanaoamua mahakamani kama mshtakiwa ana hatia) wa aina hiyo wakiwahukumu wasichana kwa kuua vichanga.

Patrick ni Muayalandi, Hans Mjerumani, Yung Tung Mchina. Sambo ni tusi kwa mtu mweusi, na Frederick Douglass, kiongozi mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, alilipinga hadharani mwaka uleule.

Mimi natafiti historia ya sheria, na kinachonikera zaidi ni hayo maneno ya vichanga. Hayakuzuka hivihivi. Mwaka 1868, Philadelphia, mtumishi wa ndani aitwaye Hester Vaughn alihukumiwa kunyongwa baada ya kujifungua peke yake chumbani na mtoto kukutwa amekufa. Wanajuri waliomtia hatiani walikuwa wanaume pekee. (Juri ni raia 12, uamuzi wao una nguvu kuliko maoni ya wazee wa baraza tuliowazoea huku.) Stanton alimtembelea gerezani, na gazeti lake likadai wanawake wahukumiwe na wanawake wenzao. Dai la haki kabisa. Ila Hester mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Uingereza! Gavana alipomsamehe, alirudishwa kwao. Hata Ernestine Rose, anayetajwa kama bibi wa kuheshimiwa, alizaliwa Poland, binti wa rabi.

Tena mlango wa juri haukufungwa kwa wanawake na Patrick. Kuwatenga wanawake kulirithiwa kutoka sheria ya Kiingereza, kukalindwa na majaji na wabunge wa Marekani.

Susan B. Anthony, rafiki yake Stanton, aliiweka hoja vizuri zaidi aliposhtakiwa 1873 kwa kupiga kura, jambo ambalo wanawake walikatazwa. Jaji Ward Hunt hakuiachia juri iamue. Aliiagiza tu imtie hatiani. Anthony akamjibu kwamba hata kama ingeachiwa, hakuna mle aliyekuwa mwenzake: mzawa au mgeni, mweupe au mweusi, msomi au mjinga, mlevi au asiyelewa, kila mwanamume alikuwa juu yake kisiasa. Hapo Patrick na jaji wamewekwa benchi moja. Alitozwa faini ya dola 100, akakataa kuilipa.

Jimboni kwake New York, wanawake waliingia kwenye juri 1937.