Barafu ya Antaktika na pumzi ya vilindi

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini samaki wote wanaoshushwa kwenye mwalo wa Kibirizi, kuanzia dagaa hadi migebuka, wanaishi katika tabaka jembamba la juu. Nikishusha kipimo cha oksijeni hapa Kigoma, kabla ya kufika mita 200 kinasoma sifuri. Maji tunayochota chini ya hapo, ukifungua tu chupa, yananuka yai viza. Maji ya juu yana joto, ni mepesi, hayazami. Ya chini yamekaa muda mrefu bila kugusa hewa.

Ndiyo maana mimi, mtafiti wa ziwa la tropiki, nafuatilia habari za barafu ya Antaktika. Bahari ina kina kikubwa zaidi, na bado viumbe wanapumua mpaka sakafuni. Nani anawapelekea oksijeni?

Kwa sehemu kubwa ni barafu. Maji ya bahari huganda yakifika nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na yakiganda huiacha nje sehemu kubwa ya chumvi yake. Pembezoni mwa Antaktika, kwa mfano katika Bahari ya Weddell, upepo mkali utokao barani huisukumia mbali barafu changa. Maji hubaki wazi, huganda tena, na chumvi huzidi kumwagika chini. Maji hayo ya baridi na chumvi nyingi huwa mazito, huzama na oksijeni yake, kisha hutambaa kuelekea kaskazini. Mengine hufika bonde la Somalia, lililo chini ya bahari mashariki ya pwani yetu. Kuyapima si mchezo, maana huzama wakati wa baridi kali ambapo meli hazipenyi. Mwaka 2013, vipimo vilivyobandikwa kwenye vichwa vya sili, wanyama wa baharini wanaopiga mbizi chini ya barafu, ndivyo vilivyosaidia kuthibitisha kwamba maji hayo huzaliwa pia karibu na Rasi ya Darnley, mashariki mwa Antaktika.

Februari 2023 barafu hiyo ya bahari ilishuka chini ya kilomita za mraba milioni 1.8, kiwango kidogo kuliko vyote tangu setilaiti zianze kuipima. Wakati huohuo barafu ya nchi kavu inayeyuka, na maji yake matamu huyafanya ya bahari kuwa mepesi, yasizame. Watu huogopa mafuriko, na wana haki. Mimi naogopa zaidi hili la vilindi kukosa hewa.

Hapa ziwani tayari tunaliona. Tabaka la juu limezidi kupata joto, upepo wa kusini-mashariki wa Mei hadi Septemba unapata taabu kuyachanganya maji, virutubisho havipandi vya kutosha, na chakula cha dagaa kinapungua.